Wiki saba kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito: jibu kwa mpishi wa Temeke

Swali: "Mimi ni mama wa miaka 43, naishi Temeke, na kazi yangu ni upishi wa shughuli: harusi, maulidi, hitima na vikao vya kamati. Nina kilo 128 na urefu wa sentimita 162. Nina kisukari cha aina ya pili na presha, na magoti yananisumbua. Daktari amenipangia upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula baada ya wiki saba. Mume wangu ameridhia. Mama yangu mzazi sijamwambia, kwa kuwa najua atasema mwili wangu ni neema na nisimkufuru Mungu. Nimeamua kabisa, lakini usiku nikirudi kazini huwa nakaa peke yangu jikoni nikila, na hapo ndipo hofu inaponijia. Nataka nifike kilo 65, kama siku ya ndoa yangu. Nijiandaeje, mwili na moyo? Na ile shughuli ya watu 300 niliyoipokea, ambayo itaangukia siku ya kumi na nane baada ya upasuaji, nitaiweza?"

Jibu: Dada yangu, nianze na jambo uliloliandika kwa kulipitia tu, kwamba usiku ukirudi kazini unakaa peke yako jikoni na kula. Daktari wa upasuaji atashughulika na mfuko wa chakula, na kazi yake itakwisha ndani ya saa chache. Haja inayokupeleka kwenye sahani ile ya usiku haikai kwenye mfuko wa chakula, na kisu hakiifikii. Ukiingia chumba cha upasuaji bila kujua sahani hiyo inakufanyia kazi gani, utatoka ukiwa na tumbo dogo na haja ileile, nayo itajitafutia njia kupitia aiskrimu, soda iliyotolewa gesi na juisi ya miwa, vitu vinavyoteleza na kupita hata kwenye tumbo lililobanwa. Uzito unaorudi baada ya mwaka wa pili mara nyingi huingilia mlango huo.

Kwa hiyo kazi ya wiki mbili za kwanza ni hii, na haina gharama. Weka daftari juu ya kabati la vyombo. Usijikataze kula, ila kabla ya kupakua andika saa, andika mlo wa mwisho ulikuwa nini na saa ngapi, kisha andika neno moja la jinsi unavyojisikia. Wapishi na mama lishe wana mazoea yao ambayo nimeyakuta mara nyingi: hushinda wakionja, hawakai kula, na saa nne usiku mwili unadai mlo wa siku nzima kwa mkupuo. Daftari likionyesha hivyo, dawa yake ni kukaa chini na kula mara tatu kwa saa zinazojulikana, na uanze wiki hii, kwa sababu baada ya upasuaji ratiba hiyo haitakuwa hiari. Lakini daftari likionyesha kwamba ulikula saa moja jioni ukashiba, na saa nne unakula tena kwa haraka, kwa kujificha, hadi tumbo linauma na unajichukia, huo ni ugonjwa wa ulaji unaojulikana na wenye tiba, na ni lazima timu inayokutibu iujue kabla ya tarehe. Kuusema hakumaanishi kwamba utanyimwa upasuaji. Utapelekwa kwa mwanasaikolojia, na pengine tarehe itasogezwa, lakini mwezi mmoja wa kusubiri si hasara kwa mtu aliyeubeba uzito huu kwa miaka mingi.

Sasa niseme kuhusu kilo 65. Uwiano wa uzito wako na urefu (BMI), yaani kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ni karibu 49. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2022 inapendekeza upasuaji kuanzia 35 hata kwa mtu asiye na ugonjwa mwingine, kwa hiyo kuhusu kustahili huna sababu ya kujitetea kwa yeyote. Upasuaji uliopangiwa huondoa kati ya asilimia 75 na 80 ya mfuko wa chakula na kubakiza mrija mwembamba, na kwa kawaida humpunguzia mtu karibu robo ya uzito wake wote. Ule wa kuunganisha utumbo moja kwa moja na sehemu ndogo ya tumbo humpunguzia zaidi kidogo, karibu asilimia 30. Kwako wewe robo ni kilo 32. Maana yake, mambo yakienda vizuri, baada ya mwaka mmoja na nusu utakuwa na kilo tisini na kitu. Wapo wanaoshuka zaidi ya hapo, na wapo wanaoshuka pungufu. Nakuambia sasa kwa sababu nimeketi na watu waliopungua kilo 35, ambao sukari yao imetulia na dawa za presha zimepunguzwa, wakalia mbele yangu kwamba wameshindwa kwa kuwa nguo ya miaka ishirini iliyopita haijawaingia. Gauni la ndoa lirudishe sandukuni, na badala yake andika mambo matatu unayotaka kuyaweza: kuchuchumaa mbele ya jiko na kuinuka bila kushika kitu, kulala usiku kucha bila magoti kukuamsha, au kukaa kwenye siti ya daladala bila jirani kuguna.

Kabla sijaendelea, niondoe mkanganyiko mmoja ambao ndugu zako watauleta. Watu wengi jijini wamesikia habari za puto linalowekwa tumboni, huduma ambayo hospitali ya Mloganzila imeifanya ifahamike sana. Puto huingizwa kwa mdomo bila kukata kitu, na baada ya miezi kadhaa hutolewa. Ulichopangiwa wewe ni kitu kingine: kilichokatwa hakirudi. Pamoja na kilichokatwa huondoka sehemu kubwa ya mahali panapotengenezwa homoni ya njaa iitwayo ghrelini, na ndiyo maana miezi ya mwanzo watu wengi hushangaa kuona mchana umefika bila wazo la chakula kuwajia. Hiyo ndiyo miezi ya kujenga mazoea mapya, kwa kuwa njaa, ingawa si kali kama zamani, hurudi.

Mazoea hayo yanaweza kuanza kujengwa leo, na kwa vyombo ulivyonavyo. Chukua kile kikombe kidogo cha kahawa kisicho na mkono, ambacho wauza kahawa hutembea nacho jioni pamoja na kashata. Nunua bomba la sindano duka la dawa, upime kikombe hicho kinaingia mililita ngapi. Siku za mwanzo baada ya upasuaji utakunywa kutoka chombo cha namna hiyo, fundo moja, unatulia, fundo jingine, na lengo utakalopewa litakuwa angalau lita moja na nusu kwa siku. Piga hesabu ni vikombe vingapi, kisha ujaribu kwa siku moja tu, na utaona kwamba ni kazi ya kutwa. Upungufu wa maji ni moja ya sababu kubwa zinazowarudisha watu wodini baada ya kuruhusiwa, na kwa joto la Dar es Salaam kuanzia Desemba hadi Machi, kwa mtu anayesimama mbele ya mafiga, hatari hiyo ni ya kweli. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, ujue umechelewa.

Zoezi la pili ni la tonge. Angalia mkono wako unavyofinyanga tonge la ugali, maana sisi tunaokula kwa mkono tuna kipimo chetu ambacho hatukitafakari kamwe. Baada ya upasuaji tonge hilo litakwama, na kukwama huko kuna maumivu ya kifua, mate kujaa mdomoni na hatimaye kutapika. Punguza tonge hadi lifanane na punje ya karanga, litafune mpaka liwe uji, kisha uweke mkono chini kabla ya kuchukua jingine. Mlo wa kiasi cha kisosi uchukue dakika ishirini hadi thelathini. Maji usiyachanganye na chakula. Subiri nusu saa baada ya kumaliza. Na sinia uliache kwa muda. Kula sinia moja na watu sita ni uungwana wetu, lakini sinia lina mwendo wake na anayekula polepole huachwa mfupa, hivyo mtu hujikuta anakimbizana na mikono ya wenzake bila kukusudia. Omba kisosi chako. Ukianza sasa, kufikia siku ya upasuaji watu watakuwa wamezoea na hawataona ajabu.

Wiki mbili za mwisho utapewa mlo mkali, mara nyingi wa kilokalori 800 hadi 1,200 kwa siku, wenye protini, mboga na vimiminika, na wenye wanga na sukari kidogo sana. Wagonjwa wengi huudhika na mlo huu kwa kudhani ni mtihani wa utii. Sababu yake ni ini. Kwa mtu mwenye uzito mkubwa na kisukari, mara nyingi ini huwa limejaa mafuta na kuvimba, na kipande chake cha kushoto kimelala juu ya tumbo lenyewe. Daktari anayefanya kazi kupitia matundu madogo lazima akiinue ili aone anapokata. Mlo huo hulipunguza ini ndani ya wiki hizo mbili, na huifanya kazi ya daktari iwe salama zaidi. Hapa nina maonyo mawili. Kwanza, usianze mlo huo kabla ya daktari kupunguza dawa zako za sukari, hasa kama unatumia insulini au glibenklamidi, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla ukatetemeka, ukatoka jasho jembamba na kuzimia. Pili, usifanye karamu ya kuagana na chakula. Kwa mpishi kishawishi hicho ni kikubwa: pilau ya mwisho, biriani ya mwisho, vitumbua vya mwisho. Karamu ya siku tano inarudisha mafuta kwenye ini na pia inakufundisha uongo, kwamba unaelekea gerezani. Pilau utaila tena, kwa vijiko vichache, baada ya miezi kadhaa.

Vipimo nitavipitia haraka, kwa kuwa timu yako itavisimamia: damu, moyo, ini na mfuko wa nyongo, kamera ya tumbo pamoja na kutafuta bakteria wa vidonda vya tumbo, ambao huku kwetu ni wengi na hutibiwa kabla. Jambo moja ulitaje wewe mwenyewe hata usipoulizwa. Muulize mumeo kama unakoroma na kukata pumzi usingizini. Daktari wa usingizi, yule atakayekulaza kwa dawa wakati wa upasuaji, anahitaji kujua hilo kuliko karibu jambo lolote lingine. Dawa zote zitaje pia, pamoja na za miti shamba na chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni. Na kwa ajili ya magoti, zoea kuishi bila diklofenaki na wenzake kuanzia sasa, kwa kuwa tumbo lililokatwa hupata vidonda kwa urahisi. Mwambie daktari akupangie dawa nyingine ya maumivu.

Upande wa fedha, watu huhesabu bei ya upasuaji na kusahau kwamba vitamini ni za maisha yote: vitamini mchanganyiko, B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D, pamoja na vipimo vya damu mara kadhaa mwaka wa kwanza na angalau mara moja kila mwaka baada ya hapo. Nenda duka la dawa, uliza bei ya mwezi mmoja, uzidishe mara kumi na mbili, na uamue fedha hiyo itatoka kwenye fungu gani. Kama una bima, waombe wakueleze kwa maandishi wanalipia nini na hawalipii nini. Nyumbani uwe na supu ya kuchujwa, mtindi usio na sukari, mayai, na blenda inayofanya kazi. Vimiminika vitachukua takriban wiki mbili, vilivyosagwa wiki mbili nyingine, kisha vyakula laini kama samaki wa kuchambuliwa na maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda. Protini, gramu 60 hadi 80 kwa siku, ndiyo inayotangulia katika kila mlo. Nywele zitapukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na kwa kawaida huota tena. Nakuambia mapema ili usilie saluni.

Sasa nije kwa watu, ambao kwa maoni yangu ni wagumu kuliko mlo. Katika mji wetu mtu akinenepa huambiwa amenawiri, na akikonda huulizwa kulikoni. Utakapopungua kilo ishirini kwa miezi minne, wapo watakaonong'ona kwamba una virusi, wapo watakaosema ndoa imekushinda, na wapo watakaodai umeingia kwenye mambo ya kishirikina. Maneno hayo huuma zaidi mwilini mwa mtu ambaye bado ni dhaifu, analala saa nyingi na hana tena sahani ya kujipoza nayo. Kwa hiyo andaa sentensi yako moja na uifanyie mazoezi kwa sauti: "Nilikuwa natibiwa kisukari, na matibabu yamenikubali." Ni kweli tupu, haidaiwi maelezo, na humfungia mlango mdadisi kwa adabu. Si kila mtu anastahili kujua habari za mfuko wako wa chakula. Lakini watu watatu lazima wajue kila kitu: mumeo, mtu mmoja atakayelala nyumbani kwako wiki ya kwanza, na mtu mmoja pale kazini.

Mama yako ningependa awe wa nne. Usimwambie kwa kumpa hoja za uzito, kwa maana kwake mwili wako ni ushahidi kwamba alikulea vyema, na ukiulaumu mwili huo umemlaumu yeye. Mweleze habari za sukari. Mwonyeshe dawa unazomeza, zipange mezani mbele yake zote, umwambie unataka zipungue. Kisha mpe kazi, kwa sababu mama asiye na kazi huleta chapati. Mwombe awe ndiye anayekuchujia supu. Na kama atauliza kuhusu Ramadhani, mjibu kwamba madaktari wengi hushauri kutofunga katika mwaka wa kwanza, kwa ajili ya maji na dawa, na kwamba Qur'ani yenyewe, katika aya ya 185 ya Suratul Baqara, imempa mgonjwa ruhusa ya kutimiza hesabu siku nyingine. Shauriana na daktari na shehe wako pamoja.

Mumeo ameridhia, nashukuru, lakini kuridhia upasuaji na kuridhia mke aliyebadilika ni mambo mawili. Takwimu za Sweden, nchi iliyowafuatilia wagonjwa wa upasuaji huu tangu 1987, zilionyesha kwamba kutengana kwa wenzi kuliongezeka baada ya upasuaji, na vilevile wasio na wenzi walipata wenzi wapya zaidi. Sikusimulii haya kukutisha. Mnakula nini pamoja, mnatoka wapi pamoja, nani anamlisha nani, hayo yote yatahama, na ni vyema mkae myazungumze kabla. Zungumzeni pia uzazi wa mpango: uwezo wa kushika mimba unaweza kuongezeka uzito unaposhuka, hata katika umri wako, na mimba inashauriwa isubiri miezi 12 hadi 18.

Huenda pia ukapatwa na huzuni isiyo na sababu, hasa kati ya wiki ya pili na ya sita, ukijiuliza kwa nini ulijifanyia hivi. Huwatokea watu wengi, na wengi hupita salama. Isipopita, au ikikuletea mawazo ya kutotaka kuishi, usisubiri siku ya kliniki.

Hatari za mwili nazo uzijue kwa uwazi. Katika vituo vyenye uzoefu kifo hutokea kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 1,000, na kinachoogopwa zaidi ni kuvuja kwa mshono na damu kuganda. Bandika karatasi mlangoni mwa chumba chako: moyo kwenda zaidi ya mara 120 kwa dakika ukiwa umetulia, homa, maumivu ya tumbo yanayopanda hadi bega la kushoto, pumzi kukatika, mguu mmoja kuvimba, au kutapika mfululizo kwa zaidi ya siku moja. Lolote kati ya hayo ni safari ya hospitali usiku huohuo, siyo ya kungoja asubuhi. Kutapika nako kusidharauliwe, kwa kuwa akiba ya vitamini B1 huisha haraka na ukosefu wake huharibu ubongo.

Imebaki shughuli ya watu 300. Hutaiweza. Siku ya kumi na nane utakuwa ndiyo kwanza unaingia kwenye vyakula vilivyosagwa, hutaruhusiwa kunyanyua hata ndoo ya maji kwa wiki nne hadi sita, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa huenda ikakutapisha, na kuonja kwa kijiko cha pilau kila baada ya dakika kumi ndicho kitu ambacho tumbo lako halitakihimili. Hata utakaporudi jikoni, panga kurudi kama msimamizi, na uwe na muonjaji. Kati ya wasaidizi wako yuko mmoja mwenye ulimi mzuri; anza kumfundisha wiki hii, uonje wewe kwanza, aonje yeye, aseme kimepungua nini, hadi majibu yenu yafanane. Mwenye shughuli mpigie simu kesho, ukiwa bado na wiki saba za kumsaidia. Mweleze kwamba utakuwa kwenye matibabu, mpe jina la mpishi mwenzako unayemwamini, na umrudishie malipo ya awali kabla hajayaomba.